Ramani ni Shahidi

Sisi wa Ngarambe twaisikia Kilimanjaro kwa mbali tu. Hata hivyo nawafundisha watoto ramani kwa mlima huo. Mwaka 1912 Wadachi wawili, Fritz Klute na Eduard Oehler, waliupanda wakiwa na kamera. Hawakupima kila jabali kwa kamba. Walipiga picha za mahali pamoja kutoka vituo viwili ambavyo umbali baina yake umejulikana, kisha zikalinganishwa, kama vile macho mawili yatambuavyo kitu kilicho karibu na kilicho mbali.

Ramani ile ndiyo iliyofunua hasara baadaye: barafu ya 1912 ilizidi kilometa za mraba 11, nayo ya 2011 haikufika 2. Bila karatasi hiyo tungebaki tukibishana.

Basi huwaza juu ya kwetu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 yataka vijiji jirani vipatane juu ya mipaka yao. Mzee ajuaye mkondo wa zamani, au mti uliowekwa kuwa alama, akifa kabla mpima hajafika, mpaka utachorwa na asiyeujua, na mashamba yatakwenda na mstari wa wino. Kwa hiyo nimewaambia wanafunzi watembee na babu zao, wayaandike majina ya mahali katika daftari. Wamekwisha kugombana juu ya kijito kimoja: kina majina mawili, na kila jina lina wazee wake.