Mkaazi kwa Sala, Msafiri kwa Moyo

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na Rehema na Amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, Aali zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, leo sikuandikii kwa kumkosoa mtu mwingine. Nakuandikia kosa langu mwenyewe, nililolifanya hali nimepita miaka 60 na nimesomesha Fikihi zaidi ya nusu ya umri huo. Huenda likakufaa wewe, au jamaa yako aliye baina ya nchi mbili.

Mwanangu wa kwanza anaishi Toronto, nchi ya Kanada, pamoja na mkewe na watoto watatu. Alituombea mimi na mama yake ukaazi wa kudumu. Katika masharti ya ombi hilo, mtoto aliye jimbo la Ontario hutia sahihi ya kumkimu mzazi wake kwa muda wa miaka 20. Niliposomewa hayo nilicheka, kwani kwetu sisi mtoto mwenye uwezo humlazimu kumlisha mzazi wake asiye na kitu, bila ya karatasi wala hesabu ya miaka. Kisha nikaacha kucheka. Miaka 20 tangu leo, sijui nitakuwa nimelala chini ya mchanga wa nchi gani.

Jibu la ombi kama hilo haliji kwa mwezi wala miwili. Basi huku twangoja, tulikwenda kuwazuru kwa viza ya wazazi na mababu, ambayo humruhusu mwenye nayo kukaa mpaka miaka 5 kwa safari moja, baada ya kukatiwa bima ya matibabu isiyopungua dola 100,000 za Kanada. Viza yaniita mgeni. Mwanangu aniita mwenyeji. Nami nikajiita msafiri, na hapo ndipo kosa lilipoanza.

Masanduku yetu niliyaweka nyuma ya mlango, nguo nikizitoa moja moja. Jirani alipotualika chakula, niliomba radhi. Imamu wa msikiti wa karibu aliponitaka niwasomeshe wazee baina ya Magharibi na Isha, nilimjibu, "Ngoja kwanza nijue kama nitakaa." Wajukuu zangu walikuwa wakisoma Kurani kwa kubabaika, nikasema nitawaanzisha karatasi ikija. Kila asubuhi mwanangu akifungua kompyuta kutazama ombi limefika wapi, nami husimama nyuma ya kiti chake kama mtoto angojaye matokeo ya mtihani.

Na huko nyuma Mombasa, mtaa wa Majengo, nilikuwa nimeacha chuo cha watoto arubaini na kitu. Siku ya kuondoka niliwaambia, "Narudi karibuni." Sikumweka mwalimu mahali pangu. Nilimwomba tu kijana mmoja niliyemsomesha awe akiwatazama. Kumkabidhi chuo kabisa kulikuwa kama kukiri kwamba huenda nisirudi, na hilo moyo wangu haukulikubali.

Mwezi wa nne kijana yule alinipigia simu. Akanitolea salamu, akanyamaza, kisha akasema, "Maalim, wamebaki tisa. Wazazi waniuliza mwalimu ni nani, nami sina la kuwajibu. Nikimkanya mtoto aniambia mimi si maalim." Nikamwuliza habari za mtoto fulani, aliyekuwa amebakisha juzuu tatu akhitimu. Akanijibu, "Huyo yuko kwenye steji ya matatu, auza maji."

Sikuweza kusema neno.

Jioni hiyo tulisali Isha nyumbani, rakaa nne. Tulipomaliza, mjukuu wangu wa kike, mwenye miaka 9, akaniuliza, "Babu, si ulitufundisha kwamba msafiri husali mbili? Mbona wewe wasali nne, na masanduku yako hayajafunguliwa?"

Ndugu msomaji, hukumu hiyo naijua kama nijuavyo jina langu. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, msafiri akinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, huwa mkaazi tangu afikapo, na hutimiza Sala zake. Hata yule asiyejua siku yake ya kuondoka, anayengoja haja yake leo au kesho, hupunguza mpaka siku 18 tu, kwa kuwa Mtume (S.A.W.) alikaa Makka siku hizo akipunguza, mwaka wa 8 wa Hijra, mji huo ulipofunguliwa. Zikipita, naye hutimiza. Wafuasi wa Imamu Abu Hanifa wana hesabu yao nyingine, na kila mmoja ana dalili yake.

Basi itazame hekima hiyo. Kungoja kumewekewa mpaka. Sharia haikuniuliza kama karatasi imefika. Ilinitaka nitimize rakaa nne mahali nilipo. Nami nilizitimiza rakaa, nikapunguza kila kitu kingine: ujirani, malezi, elimu na amana. Huku nilisema naondoka karibuni, na kule nilisema narudi karibuni, na baina ya "karibuni" hizo mbili mtoto wa watu akaacha Msahafu.

Usiku ule, saa nne na nusu, ambapo Mombasa watu walikuwa wakitoka Sala ya Alfajiri, nilimpigia simu kijana yule, nikamwomba awaite wazee wawili wa msikiti wawe mashahidi. Nikamwambia, "Tangu leo chuo ni chako, na ufunguo na daftari la ada ni mikononi mwako. Nikirudi, nitakaa kwenye jamvi lako kama mgeni." Ulimi ulikuwa mzito kwangu. Asubuhi yake mke wangu alizitoa nguo zote akazipanga kabatini, wala hakuniuliza kitu. Nami nikaenda kwa imamu kumwomba radhi.

Mpaka naandika haya karatasi haijafika. Wajukuu wawili wameanza Alifu upya, kwa makhraji. Majengo watoto wamerudi ishirini na wawili. Yule muuza maji hajarudi. Kila juma humpigia simu mama yake, na khofu yangu ni kuulizwa habari zake siku ambayo hakuna viza.

Ewe ndugu yangu ungojaye karatasi Muscat, London au Toronto, lifungue sanduku lako. Na ulichokiacha nyuma, kikabidhi kwa mtu leo, kwa jina lake na mbele ya mashahidi.

Wabillahi tawfiki.