Mtoto wa Soko la Mudaka

Ukitoka Bukavu kwa barabara iendayo Kavumu, penye uwanja wa ndege, wafika Mudaka, mahali pajulikanapo kwa soko lake. Hapo akina mama wa vijijini hushusha mizigo ya maharagwe, mihogo na ndizi, na harufu ya sambaza wa ziwa Kivu hukupokea kabla hujasimama.

Siku tulipopita, watu walikuwa wamekusanyika kando ya soko. Mtoto mwanamume wa miaka kama minane alikimbia, akaruka, akapinduka hewani na kuangukia lundo la maganda makavu ya maharagwe. Wote walipiga makofi, isipokuwa mama yake, aliyeketi nyuma ya ndizi zake.

"Mwalimu," akatuambia, "kuna kijana wa mjini ataka kumfundisha mchezo huu kila Jumamosi. Mimi sijui mambo hayo. Nimpe?"

Tulinyamaza kidogo. Samaki mkunje angali mbichi, ndivyo tusemavyo. Lakini mkono utakaomkunja, je, twaujua?

"Mama," tukamjibu, "nenda mwenyewe, ukae uangalie mpaka mwisho. Watoto huangukia magodoro mazito, au sementi tupu? Hunyosha viungo na kujifunza kubingirika chini kabla ya kuruka juu? Mtoto akiogopa, mwalimu humfanyaje? Akimcheka au kumsukuma kwa nguvu, mshike mwanao mkono, mrudi nyumbani. Na anayekuahidi sifa za upesi, usimsadiki."

Kwa kweli hakuna haraka. Tangu mwaka 1997 hata wasichana hodari kabisa hawaingii katika mashindano ya dunia ya wakubwa kabla ya mwaka wanaotimiza miaka 16.

Liko jambo zito zaidi. Huko Marekani, mwaka 2018, daktari wa timu ya taifa ya mchezo huu alihukumiwa kifungo kwa kuwanajisi wasichana aliokabidhiwa kuwatibu. Zaidi ya 150 walitoa ushuhuda wao barazani. Wazazi wengine walikuwamo chumbani mle mle, wala hawakutambua. Watoto kadhaa walikuwa wamesema mapema, lakini hawakusadikiwa. Basi, wazazi wapenzi, macho peke yake hayatoshi. Yafaa na masikio. Kila jioni muulize mtoto aliyoyafanya, na akisema neno la kumwonea haya, usimkemee.

Mtakatifu Yohane Bosko alipokuwa mtoto huko Italia, alitembea juu ya kamba na kufanya michezo ya sarakasi, apate kuwavuta wenzake kwenye sala. Mama yake, Margareta, hakumkataza, kwa maana mtoto yule alimweleza kila jambo, wala hakufanya lolote bila idhini yake.

Yule mama wa Mudaka alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwita mwanawe, akampangusa maganda kichwani.

"Basi," akasema, "Jumamosi hii ndizi zitangoja. Tutakwenda wawili."