Kijiti Kabla ya Marufaa

Tumeona si vyema kuificha habari hii, kwani aibu yake ni yetu, na faida yake ni ya kila mwenye msumeno nyumbani.

Sisi ni akina baba watano tunaokutana kila Jumamosi baada ya sala ya Alasiri, katika banda lililo nyuma ya nyumba ya mmoja wetu hapa Uingereza. Tuliazimia kuwatengenezea watoto wa madrasa marufaa 20. Kila marufaa ni mbao mbili zinazopitana. Kwa hiyo vipande ni 40, navyo sharti vilingane. Tulinunua msumeno wa meza uliokwisha kutumika, tukaanza kukata siku ile ile. Kofia ya kinga tuliiondoa, tukidai inatuziba macho.

Mzee wetu, aliyekuwa seremala Unguja kabla ya kuja huku, alitutazama kwa muda, kisha akasema, "Wanangu, kabla ya kukata mbao za kazi, kateni kwanza za kuilinda mikono yenu." Tulicheka kwa adabu, tukaendelea.

Juma la pili, mwenzetu alikuwa akisukuma kipande kifupi kwa vidole. Kipande kilibanwa baina ya msumeno na ubao wa pembeni unaoongoza mkato. Meno ya nyuma, ambayo huzunguka yakipanda juu, yalikinyanyua na kukirusha. Mkono ulikosa cha kushika, ukateleza mbele. Alipoteza ncha ya kidole cha shahada. Kila tuketipo naye katika tahiyatu, kidole kile kifupi hutukumbusha. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini aliyeumia ni mmoja, ilhali wasiosikia tulikuwa watano.

Tuliporudi bandani tulianza upya, mzee akiwa mbele yetu. Kwanza tulirudisha kinga. Pili tulichonga kijiti cha kusukumia, urefu wake milimita 450, chenye pengo mwishoni mfano wa mdomo wa ndege, ili kishike pembe ya ubao. Miongozo ya usalama ya hapa yataka kitumike kwa kila mkato usiofika milimita 300, na kwa milimita 300 za mwisho za mkato mrefu. Kilitokana na mabaki, wala hakikutugharimu kitu. Kijiti kikiliwa na msumeno, huchongwa kingine, kidole hakichipui.

Tatu tulitengeneza sinia la plaiwudi. Chini yake mna papi mbili ziteleazo katika mifereji ya meza, nyuma ubao wa kuegemezea, na kando kizuizi kinachofanya kila kipande kitoke kwa urefu ule ule. Ili kujua kama lanyooka, tulikata ubao mmoja, tukapindua nusu yake, tukaziunganisha nusu hizo. Mwanya uonekanao ni kosa mara mbili. Tulilegeza skrubu mara nne, hata mwanga usipenye.

Vipande vyote 40 vilikatwa jioni moja. Kipande cha mwisho alikikata mwenzetu yule yule, nasi tulisimama kimya.

Kijiti sasa kinaning'inia kando ya swichi, na hapana awashaye kabla ya kukishika. Ndugu, chongeni chenu leo.

Wabillahi tawfiq.