Shuka Jeupe Si Kitanda

Mfanyakazi wa mjini anapojiandaa kwa likizo huhesabu mambo mengi: nauli ya kwenda na kurudi, zawadi za wazee, ada ya shule itakayodaiwa mara atakaporejea, na akiba kidogo ya dharura. Kitanda hakimo katika hesabu hiyo. Hudhaniwa kwamba kila palipobandikwa kibao cha “Nyumba ya Wageni” pana kitanda, na kwamba kitanda ni kitanda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo kwa mwaka, lakini ni wachache kati yetu wenye uwezo wa kuzitumia siku hizo nje ya nyumba zao. Kwa wengi, safari yenyewe ni ya siku sita au saba, nayo hulimbikiziwa fedha mwaka mzima. Katika siku chache namna hiyo, usiku mmoja wa kitanda kibovu si jambo dogo.

Mama yangu mzazi ni mzaliwa wa Tarime. Aliolewa akiwa kijana, akamfuata baba aliyekuwa mfanyakazi wa reli hadi Tabora, na baadaye Dar es Salaam, ambako anaishi nasi hivi sasa. Amekulia jirani kabisa na Serengeti, hifadhi ambayo watu huvuka bahari kuja kuitazama, lakini hakupata kukanyaga ndani yake hata siku moja. Utotoni mwake ilikuwa nchi ya watu wengine. Mwaka 2023 alitimiza miaka 67, na mimi na mke wangu tukakubaliana kwamba mwezi Julai, wakati nyumbu wanapopita upande wa Ikoma kuelekea kaskazini, tumpeleke akawaone, kisha twende Tarime kuwasalimu ndugu.

Tulifika Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, saa tatu usiku, vumbi la barabara likiwa limetufanya sote kuwa rangi moja. Gari la kutupeleka hifadhini tulikuwa tumelilipia pamoja na familia nyingine, nalo lingetufuata saa kumi na moja alfajiri. Nyumba ya wageni tuliyopokelewa ilikuwa ya kuvutia: geti la chuma, vigae sakafuni vinavyong'aa, na televisheni kubwa mapokezini. Kijana wa mapokezi alimpa mama shikamoo kwa adabu, akafungua kitabu cha wageni. Kitabu hicho kiliniuliza jina, kabila, nitokako, niendako na namba ya kitambulisho. Chumbani palikuwa na kitanda cha sita kwa sita chenye ubao wa kichwani uliochongwa maua na kupakwa vanishi, shuka jeupe lililonyooshwa vizuri, taulo, kipande cha sabuni na ndala. Mama alikisifu. Tukampa chumba hicho yeye na mtoto wetu mdogo, sisi tukachukua cha pili, na hapakuwa na kingine kilichobaki.

Haikupita saa moja nikasikia ukuta ukigongwa. “Baba, njoo,” mama aliita. “Kitanda hiki kinanimeza.”

Sikuweza kucheka. Mama alikuwa amezama katikati ya godoro kama mtu aliyelala ndani ya mtumbwi, na mjukuu wake alikuwa amemviringikia juu ya mbavu. Tuliwainua, nikafunua shuka na kuwasha tochi. Godoro lilikuwa nene, inchi nane kwa kulikadiria, na bado limevaa nailoni lililotoka nayo kiwandani. Nilipolikandamiza kwa kiganja, mkono ulikwenda moja kwa moja hadi kwenye mbao. Chini yake nilihesabu chaga saba kwa urefu wote wa futi sita, na mbili kati ya hizo zilikuwa zimepasuka katikati na kufungwa kwa waya. Mapengo yalizibwa kwa maboksi yaliyokunjuliwa.

Kijana wa mapokezi alikuja akipikicha macho. “Kaka, godoro hilo ni jipya,” alisema. “Angalia, hata nailoni haijatolewa.”

“Mdogo wangu,” mke wangu alimjibu, “godoro halilaliwi kwa macho. Hebu jilaze wewe.”

Kijana alitabasamu kwa haya. “Dada, tangu Pasaka watu wanalala hapa, na hakuna aliyelalamika.”

Tulilishusha godoro sakafuni. Ndiyo dawa ya kwanza ya kitanda chenye chaga mbovu, nayo hufaa kama godoro lenyewe lina nguvu. Hilo halikuwa nayo. Tulilikunja likawa la ngazi mbili, tukaongeza blanketi letu mahali pa kiuno, na bado kufikia usiku wa manane mifupa ya mama ilikuwa inaongea na saruji. Ilipofika saa kumi na moja na gari likapiga honi, alijaribu kusimama akashindwa kunyooka. Alikaa ukingoni mwa kitanda kilekile, akashika kiuno, akasema, “Nendeni. Watoto wasikose.” Mke wangu alitaka kubaki naye, alikataa katakata, akaomba awekewe kiti barazani na chai.

Kwa hiyo tuliingia Serengeti bila yule ambaye safari ilipangwa kwa ajili yake. Niliwaona nyumbu, maelfu kwa maelfu, wakienda kwa mstari kama watu wanaotoka kazini. Watoto walipiga kelele za furaha. Mimi nilikuwa nikiitazama nafasi iliyobaki wazi kwenye kiti cha nyuma.

Tangu siku hiyo nimejifunza habari za magodoro kwa bidii ambayo sikuwa nayo darasani. Sponji hupimwa kwa uzito wake katika ukubwa wake, yaani kilo ngapi zimo katika meta moja ya ujazo. Unene hauna maana kama ndani mmejaa hewa. Chukua godoro la tano kwa sita lenye unene wa inchi sita: likiwa la sponji ya kilo 16 litakuwa na uzito wa karibu kilo saba, likiwa la kilo 24 litakaribia kilo kumi na robo. Kwa macho yote mawili ni sawa, na ndani ya shuka ni mapacha. Lile jepesi hutua baada ya miezi michache mahali pale pale watu wanapoweka makalio, na halirudi. Hata mizani wakati mwingine hudanganywa, kwa maana wapo watengenezaji wanaochanganya unga wa chokaa katika sponji ili iwe nzito pasipo kuwa imara. Njia nyepesi kwa mgeni ni goti. Piga goti katikati ya kitanda kwa uzito wako wote, uhesabu hadi kumi, uinuke: godoro zuri hurudi mara moja, bovu hubaki na shimo kama unga uliotiwa kidole.

Nailoni nayo ina habari yake. Mwenye nyumba huiacha ili mkojo wa watoto na jasho la wageni visipenye, na sababu hiyo inaeleweka. Lakini aliyelala juu yake usiku wa joto anajua kwamba huamka amelowa, na kila anapogeuka kitanda hupiga kelele kama mfuko wa bisi. Kitambaa kizito chenye zipu kingefanya kazi hiyo na kufulika.

Wasomaji wengi, najua, wanapoambiwa habari ya kitanda kibovu huwaza kunguni kwanza. Kunguni hawakuwepo Mugumu, ila ni vema tuwataje, maana nao hukaa popote wanapolala watu, matajiri kwa maskini. Hawana haraka: mkubwa wao aweza kukaa miezi bila kuonja damu, akimsubiri mgeni. Dawa nyingi wamezizoea, lakini joto hawajalizoea, ndiyo maana bibi zetu waliotoa vitanda vya kamba uani na kuvimwagia maji ya moto walikuwa wanafanya jambo la kisayansi. Mgeni na aangalie mishono ya godoro na nyufa za mbao upande wa kichwani. Akiona vidoto vyeusi kama vya kalamu, mizigo isiwekwe sakafuni wala kitandani, na akifika nyumbani nguo zote ziingie katika maji yanayochemka.

Lakini nirudi kwa yule kijana, maana kauli yake imenikaa akilini. Alisema kweli kwamba hakuna aliyelalamika. Nyumba za wageni za Mugumu, Nyamongo, Tarime na Sirari hazikujengwa kwa kuifikiria familia iliyo likizoni. Zilijengwa kwa ajili ya mfanyabiashara anayevuka mpaka kwenda Kenya, fundi anayetafuta kazi mgodini, mtumishi aliyekuja semina, dereva wa lori. Huyu hulala usiku mmoja, huamka na basi la alfajiri, na maumivu ya mgongo huanza akiwa amekwisha kufika mbali. Atamlalamikia nani, njiani? Mwenye nyumba naye huona vigae na televisheni ndivyo vinavyomwingiza mgeni mlangoni, hivyo fedha huishia huko, na kitanda hupata makombo. Wakati huohuo, ndani ya hifadhi ileile zipo kambi na hoteli ambazo kitanda hugharimu mamia ya dola kwa usiku, na hakuna anayewaza kumlaza mgeni wa huko juu ya chaga saba. Sikubali kwamba tofauti hiyo inatokana na umaskini peke yake. Chaga tano za nyongeza ni kazi ya asubuhi moja ya seremala, na maseremala Mugumu wapo.

Vyombo vya kusimamia navyo vipo. Ipo Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, ipo Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, na halmashauri hutoza ushuru wa nyumba za kulala wageni. Nimeona mabwana afya wakikagua vyoo na visima, na ni haki yao. Sijapata kumwona hata mmoja akiinua godoro. Na kile kitabu cha wageni, ambacho mpaka leo kinataka kujua kabila langu kwa sababu nisiyoielewa, hakina safu hata nyembamba ya kumwuliza mtu amelalaje.

Asubuhi ya kuondoka tulizungumza na mwenye nyumba kwa utulivu, tukamwonyesha zile waya. Alitupunguzia nusu ya bei ya chumba kimoja, akaahidi kumwita fundi. Siwezi kumdharau, wengi wasingefanya hata hivyo.

Kutoka Mugumu tulivuka Mto Mara, tukapita Nyamongo na Nyamwaga hadi Tarime. Huko palikuwa na shida ya aina nyingine. Kwa desturi, mtu aliyerudi kwao akalale nyumba ya wageni ni kama kuwatukana ndugu zake. Lakini nyumba ya mjomba ina vyumba viwili na watu kumi na mmoja, na kulala chini safari hii lilikuwa jambo lisilowezekana. Mama mwenyewe ndiye aliyekwenda kumweleza kaka yake, kwa Kikuria, akimshikisha kiuno chake. Mjomba alikaa kimya kitambo, kisha akasema tutakula kwake mara zote tatu, na kulala tukalale panapomfaa dada yake.

Tukaanza kutafuta. Nyumba ya kwanza walikataa tusione chumba kabla ya kulipa, tukaaga. Ya pili ilikuwa na kitanda kizuri na godoro lililotua. Ya tatu ilikuwa ya mama mmoja wa makamo, nyumba ya bati isiyo na vigae wala televisheni, na bei yake ilizidi ile ya Mugumu kwa shilingi elfu tatu tu. Vitanda vyake vilichongwa na fundi wa hapohapo, chaga zimekaribiana kiasi cha vidole vitatu, godoro la inchi sita gumu kiasi, na blanketi mbili kwa baridi ya Tarime ya mwezi wa saba. Nilimwuliza amejuaje.

“Mimi hulala kila chumba,” alisema. “Kila baada ya miezi michache nahamia humu, leo hiki, kesho kile. Wageni hawasemi, baba. Mgongo wangu ndio unaoniambia.”

Nikatoa kalamu nijaze kitabu chake. Mama alinishika mkono. Aliingia chumbani peke yake, akavua viatu, akaketi, akajilaza chali, akageukia ukutani, akanyamaza kwa muda mrefu hata mke wangu akachungulia. “Mwambie aandike,” mama alisema bila kufumbua macho. “Na muufunge mlango.”