Mgeni wa Bumbire

Katika safari yangu ya Kisiwa cha Bumbire, wilaya ya Muleba, nalifikia hoteli. Nisemapo hoteli, asije mtu wa mjini akadhani ni nyumba ya ghorofa yenye mazulia. Ni banda la mabati lililopo mwaloni, lenye mabenchi mawili, birika la chai na sangara wa kukaanga. Na nyuma yake vyumba vitatu vya mbao walalamo wavuvi. Akosaye kitanda hutandikiwa mkeka. Mwenye banda hakuniuliza kabila wala dini. Aliniuliza kama nimekula, kisha akanionyesha maji ya kutawadhia. (Hata huyo sangara ni mgeni ziwani, aliletwa katika miaka ya 1950 na 1960.)

Wazungu walipozitawala nchi hizi walikuwa na nyumba za namna nyingine, zilizoitwa klabu. Ile ya Muthaiga, Nairobi, ilifunguliwa tarehe 31 Desemba 1913, ikawa makao ya starehe ya walowezi. Katika zama hizo Mwafrika aliingia humo kwa kubeba sinia, si kwa kuketi mezani. Banda la Bumbire halina hata mlango upande wa ziwani.

Ajabu ni kuwa vitabu vya Wazungu ndivyo vilivyolieneza jina la Bumbire kuwa kisiwa cha watu wasiojua mgeni. Tarehe 28 Aprili 1875, Stanley alikuwa akitoka kwa Kabaka Mutesa wa Buganda, akafika hapa kutafuta chakula. Wenyeji waliivuta mashua yake, Lady Alice, hata nchi kavu, wakachukua makasia. Hiyo si heshima ya mgeni, nami siifichi, ingawa habari hizo tumezipata kwa kalamu ya Stanley mwenyewe. Wenyeji hawakuandika kitu. Kisha Stanley akamwamuru Safeni, baharia wake mwungwana kutoka Unguja, awaendee na nguo nzuri, azikunjue moja moja kana kwamba anataka biashara. Huku nyuma wenzake wakaisukuma mashua majini. Bunduki zikalia, watu wakafa, na mashua ikakimbia ikipigwa kasia kwa mbao zilizong'olewa ndani yake.

Lau mambo yangaliishia hapo, tungalisema alijiokoa. Lakini tarehe 4 Agosti mwaka ule ule alirudi na mitumbwi na wapiganaji zaidi ya mia mbili, wengi wao Waganda, ilhali Shekka, mfalme wa kisiwa, amekwisha kufungwa mateka. Wakasimama majini, mbali na mishale, wakawapiga risasi watu waliokuwa pwani. Wenyeji makumi waliuawa. Kwa Stanley hakufa hata mmoja. Huko London kwenyewe, mwaka 1876, walikuwapo waliomlaumu waziwazi.

Linalonichoma mimi si Stanley. Katika wenye bunduki wale walikuwamo waungwana wa Unguja, watu wa kalima, waliojifunza chuoni kama tulivyojifunza sisi. Bila shaka waliijua Suratul Kahf: jinsi Nabii Musa na yule mja mwema tumwitaye Khidhri walivyofika mji wenye njaa tumboni, wakaomba chakula, wakanyimwa, na juu ya hayo Khidhri akausimamisha ukuta wa mji ule uliotaka kuanguka, wala hakutaka ujira. Musa mwenyewe alistaajabu. Nimeifundisha sura hii kwa miaka mingi, wala sikupata kuwaeleza wanafunzi wangu kwamba watu wetu walikuja kisiwani Bumbire na njaa kama ile ile, wakatenda kinyume chake.

Usiku ule nalilala vyema, juu ya mkeka. Asubuhi mwenye banda alipokea fedha za malazi, akakataa za chai. Vijana wakaisukuma mashua yetu majini, na mmoja wao akaingia maji hata kiunoni ili anipe mkungu wa ndizi niliousahau mchangani.