Hamira isiyojua kusimama

Nimekuwa kimya majuma kadhaa, na kuna sababu, tena si ya kujivunia.

Kampuni ninayofanyia kazi ilikuwa ikimalizia programu ya chama kimoja cha akiba na mikopo. Ilipaswa kuanza kutumika Jumatatu. Ijumaa jioni, yale majaribio yanayojiendesha yenyewe kabla programu haijapelekwa kwenye seva yakakataa. Jaribio moja kati ya mia mbili na kitu lilikuwa jekundu, nalo lilihusu makato ya mikopo. Nikalikodolea macho dakika kumi, sikuelewa kitu. Meneja akaniuliza, "Ni kitu kikubwa?" Nikamjibu hapana. Nikalizima, nikaandika kando yake kwamba nitalirudia, tukaenda zetu nyumbani.

Mwisho wa mwezi, wanachama waliolipa mkopo kwa simu walikatwa mara mbili. Hawakuwa wengi. Lakini mmoja wao alikuwa mama aliyekuja kutoa karo ya bintiye akakuta akaunti haina kitu. Siku hiyo nilikuwa palepale, nimeitwa kutafuta hitilafu, nikamsikia akimwuliza karani kwa sauti ya chini, "Sasa nitamwambia nini mwalimu?" Pesa zake zilirudi siku ya tatu. Na hitilafu yenyewe, nilipoketi kuitafuta kwa utulivu, ilinichukua saa moja unusu kuirekebisha. Hilo ndilo lililoniuma. Ujuzi wa kuirekebisha nilikuwa nao tangu Ijumaa.

Ninapokuwa na aibu huwa nasoma vitu visivyohusu kazi yangu. Safari hii nikaangukia biolojia, somo nililolipita kidato cha nne kwa bahati tu, na humo nikakutana na jaribio moja la 1988 ambalo ningependa kuwasimulia.

Kabla seli haijagawanyika, hunakili DNA yake yote, kisha huvuta nakala moja upande huu na nyingine upande ule. Kama kromosomu imekatika wakati huo, kuna kipande kisicho na pa kushikwa, na hicho hupotea. Ilijulikana zamani kwamba seli zikipigwa eksirei huchelewa kugawanyika. Ungeweza kudhani zimekwama tu kwa kuumia, kama matatu iliyovunjika ekseli. Ted Weinert na Leland Hartwell, wakiwa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, walichunguza jambo hilo kwa hamira, hii hii ya mkate na mandazi. Hamira ya kawaida ikipigwa eksirei husimama, hutengeneza DNA yake, kisha huendelea. Lakini hamira isiyo na jeni moja iitwayo RAD9 haisimami. Inagawanyika na kromosomu zake zilizokatika, na baada ya vizazi vichache inakufa. Kumbe kusimama si kuharibika kwa mashine. Ni breki, na kuna jeni inayoikanyaga.

Ila swali lilibaki: je, hamira hii inakufa kwa sababu haijui kutengeneza DNA, au kwa sababu haikujipa muda? Hapa ndipo nilipoweka kikombe cha chai chini. Waliizuia kwa nguvu, kwa dawa inayovunja zile nyuzi za kuvutia kromosomu, ili isiweze kugawanyika hata ikitaka. Wakaipiga eksirei, wakaishikilia hivyo kwa saa kadhaa, halafu wakaiachilia. Nyingi zikapona! Vifaa vyote vya ufundi zilikuwa navyo. Zilichokosa ni kusimama.

Nilisoma sehemu hiyo mara tatu.

Mwaka 1989 wawili hao waliandika makala iliyoueneza mtazamo huu, wa seli kuwa na vituo vya ukaguzi. Mfikirie ule ukaguzi wa barabarani, ila huu haupokei kitu kidogo. Hartwell alipata Tuzo ya Nobel 2001 pamoja na Tim Hunt na Paul Nurse, kwa kazi yao juu ya mzunguko wa seli.

Sisi binadamu tunayo mitambo ya aina hiyo hiyo. Nyuzi zote mbili za DNA zikikatika, protini iitwayo ATM hupiga kengele. Injini ya mgawanyiko, CDK, hukaa imefungwa kufuli, na mwenye ufunguo ni protini nyingine, Cdc25. Kengele ikilia, huyu mwenye ufunguo anazuiwa. Hiyo ndiyo breki ya haraka. Ya pili ni ya polepole na inapitia p53. Sasa, wanaoandika programu watapenda hili: seli nzima hutengeneza p53 muda wote na kuiharibu muda wote. Inaonekana ni ubadhirifu, mpaka siku ya ajali, ambapo inatosha kuacha kuiharibu na p53 inajaa yenyewe. Na haijai hivi hivi tu. Mwaka 2004 Galit Lahav na wenzake walionyesha kwamba katika seli moja moja hupanda na kushuka kwa mawimbi. Madhara yakizidi, wimbi halirefuki; mawimbi ndiyo huongezeka idadi. Ni kama seli inauliza tena kila baada ya saa tano au sita: tayari? Bado? Ikishindikana kabisa, seli hujiua au huacha kugawanyika moja kwa moja. Karibu nusu ya saratani za binadamu zina p53 iliyoharibika.

Nisiisifu seli kupita kiasi. Hata hamira nzima, ikisubiri saa nyingi na DNA isitengenezeke, hatimaye huchoka na kugawanyika hivyo hivyo.

Lile jaribio nimeliwasha tena. Nimeondoa pia ruhusa yangu ya kuzima majaribio peke yangu. Sasa lazima mwenzangu wa pili akubali. Ijumaa iliyopita lilikuwa jekundu saa kumi na moja jioni. Meneja akaja, akaniuliza swali lile lile. Nikamwambia sijui bado, nipe mpaka kesho. Hakufurahi. Nilifika nyumbani saa nne usiku na bado lilikuwa jekundu.