Ugomvi wa Ndoo Moja ya Karoti

Ukiambiwa kwamba huko Michigan, Marekani, watu wamegombana miaka na miaka kwa ajili ya karoti, utadhani unataniwa. Lakini ndivyo. Karoti, mahindi na matufaha humwagwa porini, kisha mwindaji anakaa kimya na bunduki au upinde wake akimsubiri kulungu aje kula. Hicho ni chambo. Je, huko ni kuwinda, au ni kumvizia mgeni mezani?

Mada hii tulipewa kwenye semina ya wanyamapori muhula huu, na mabishano yakatoka darasani yakahamia vimbwetani. Kabla sijaenda mbali, niseme jambo moja kwa ajili ya wenzangu wa fani: kulungu ninayemsema hapa si yule wetu wa misituni. Huyu wa Marekani ana mkia mweupe kwa chini, na dume lake hudondosha pembe kila mwaka na kuota nyingine. Jina tumeazima tu.

Upande uliopiga kelele zaidi ulikuwa wa haki. Hoja yao ni ya zamani na ina heshima zake. Mwaka 1887 Theodore Roosevelt na wenzake walianzisha Boone and Crockett Club, na chama hicho kikajulikana kwa kutetea uwindaji unaompa mnyama nafasi ya kweli ya kuponyoka. Mnyama aliyeinamisha kichwa kwenye chakula ulichomwekea, wanasema, hana nafasi hiyo.

Mimi hoja hii hainiingii. Nimekulia Pangani, ambako mtu anaweka kipande cha ngisi kwenye ndoano na hakuna anayemuuliza kama amemtendea samaki haki. Tena jamani, tuangalie nani anaweza kuumudu huo uungwana. Msimu wa bunduki Michigan ni Novemba 15 hadi 30. Mtu anayefanya kazi kiwandani, mwenye Jumamosi mbili tu na kipande kidogo cha ardhi, anatafuta nyama ya kujaza friza. Kwake ndoo ya karoti ni muda aliookoa. Mwenye mamia ya ekari yeye anapanda majani ya jamii ya kunde kwa ajili ya kulungu haohao, anakaa pembeni mwa shamba lake, na sheria haimgusi. Wote wawili wanamvuta mnyama kwa chakula, ila mmoja anaitwa mvivu na mwingine mtunza mazingira.

Kama ubishi ungeishia hapo, ningepiga kura ya chambo mchana kweupe. Tatizo ni kwamba kuna ugonjwa.

Unaitwa CWD kwa kifupi, na ni wa ukoo mmoja na kichaa cha ng'ombe. Uligunduliwa Colorado mwaka 1967 kwa kulungu waliofugwa kwenye kituo cha utafiti. Hauletwi na bakteria wala virusi. Unaletwa na prioni, yaani protini iliyojikunja vibaya na kuzifanya nyingine zijikunje hivyohivyo. Kulungu anaweza kuubeba zaidi ya mwaka akionekana mzima kabisa, huku mate, mkojo na kinyesi chake vikiueneza. Ukishamkondesha, haponi. Prioni hudumu udongoni kwa miaka, na kupika hakuziui. Binadamu aliyethibitika kuambukizwa hajapatikana, lakini wataalamu wa afya wanashauri nyama ya mnyama mwenye ugonjwa huo isiliwe.

Sasa rudi kwenye karoti. Ndoano ya Pangani inaingia baharini na kutoka. Rundo la karoti linabaki palepale. Usiku linaliwa na kulungu wa familia hii, alfajiri na wa familia ile, mdomo juu ya mdomo, na kesho mwindaji anamwaga nyingine mahali pale pale. Ardhi ni yake, lakini kulungu wanaokula hapo ni wa jimbo zima. Hapo ndipo suala linapoacha kuwa la ladha ya mtu na kuwa la watu wote.

Michigan yenyewe imeyumba. Mwaka 2008 kulungu mmoja wa kufugwa alikutwa na CWD, chambo kikapigwa marufuku sehemu ya kusini ya jimbo, ile wanayoiita Lower Peninsula. Mwaka 2011 marufuku ikalegezwa. Mwaka 2015 ugonjwa ukaonekana kwa kulungu wa porini, na 2019 marufuku ikarudi. Mtu aliyeona amri ikija, ikiondoka, ikirudi, usimshangae akisema wakubwa wanabahatisha. Na wakulima waliokuwa wakiuza magunia ya karoti zisizofaa sokoni nao wana watoto wa kusomesha.

Wapinzani wa marufuku wana jibu jingine zito: kulungu hukutana hata bila chambo. Wanalambana, wanakusanyika chini ya mialoni inapodondosha matunda. Ni kweli. Ila mwaloni hatuwezi kuukataza, ndoo tunaweza. Na shamba la ekari tano linawatawanya walaji kuliko rundo linaloenea kwenye mkeka, ingawa hata shamba hilo lingefaa kuulizwa maswali magumu kuliko linavyoulizwa sasa.

Kwa hiyo naunga mkono marufuku palipo na ugonjwa, na naunga mkono pia ule msamaha wa Michigan unaowaruhusu wawindaji wenye ulemavu kutumia chambo kwa siku chache maalumu. Ninachokataa ni kuitetea marufuku kwa maneno ya uungwana. Ukimwambia mtu aache kwa sababu si muungwana, atakuuliza wewe uungwana wako unatoka wapi. Ukimwonyesha mate, udongo na miaka, mtabishana juu ya kitu kinachoweza kupimwa.

Hili linatuhusu sisi tunaosomea kazi hii. Hapa kwetu mwindaji wa kitalii mwenye kibali hutundika nyama juu ya mti kumvuta chui, na mwanakijiji anayetega kitanzi apate kitoweo anaitwa jangili. Zipo sababu za kutofautisha, na baadhi ni nzuri. Lakini baada ya miaka michache baadhi yetu tutavaa sare na kutumwa kwenye mikutano ya vijiji kuzieleza. Mzee mmoja atanyoosha mkono aulize kwa nini yule aruhusiwe na yeye akatazwe. Tukienda na jibu la heshima za watu wengine, atakaa chini bila kuridhika, na usiku atarudi porini na kitanzi chake.